Nyanya za kwenye ndoo: majani tele, matunda hakuna

Mkuu, umesema nyanya zako aina ya Tanya za kwenye ndoo za lita 20 zimejaa majani ya kijani kilichokolea, maua yanapukutika, na vitunda vichache ulivyopata vinaoza kitako. Sasa unauliza uongeze urea kiasi gani. Usiongeze hata punje. Urea ina naitrojeni asilimia 46 na hakuna kirutubisho kingine ndani yake, ndiyo iliyokupa hayo majani.

Mimi nalima uani, Morogoro. Nachanganya udongo ndoo mbili kwa ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza hasa, isiyo na joto wala harufu. Ya kuku ni kali, ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Kwenye shimo natia kisoda kimoja cha DAP (mbolea ya kupandia, yenye fosforasi nyingi), nafukia udongo kidogo, ndipo mche unaingia. Ukishashika, CAN kidogo (mbolea ya kukuzia, yenye naitrojeni na kalsiamu). Yakitokea maua tu, nahamia NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye potasiamu nyingi: soma zile namba tatu kwenye mfuko, zimefuata mpangilio huo huo, ya mwisho iwe kubwa kuliko ya kwanza. Nusu kisoda kila baada ya wiki mbili, mbali na shina, udongo ukiwa umelowa. Kwenye ndoo mbolea inatoka na maji kupitia matundu ya chini, kwa hiyo kidogo kidogo ndiyo dawa.

Hicho kitako kinachooza si ukungu, usiende kupoteza hela duka la pembejeo. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi ipo udongoni ila haifiki kwa sababu maji leo yapo, kesho hayapo. Mwagilia kila asubuhi, na jioni jua likiwa kali, kisha tandaza nyasi kavu. Maganda ya mayai wanayoyasifia watu yanachelewa mno kuoza, msimu huu hayakusaidii. Jivu sawa, konzi moja kwa ndoo, ila usilichanganye na urea wala samadi mbichi, naitrojeni itapaa hewani.

Kama uko Dar na ni Januari, maua mengine yanadondoka kwa joto tu, hapo mbolea haina kosa.

Kwa hizo ulizonazo: mwagilia maji mengi mpaka yatoke chini, urea iliyobaki ipungue, chuma vyote vilivyooza, halafu anza NPK kwenye maua yajayo. Na machipukizi usiyapunguze sana, Tanya ni nyanya fupi.