Hedhi imekoma, mapenzi hayajakoma: majibu kwa wasomaji wa Kusini

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanahusu chumbani baada ya hedhi kukoma. Sishangai. Sisi wa Mtwara na Lindi tulichezwa unyago, tukafundwa kuishi na mume tungali wabichi, lakini kungwi hakutuita tena tulipogonga miaka hamsini. Kipande hicho cha pili inabidi tufundane wenyewe.

Naishi Mikindani, nina miaka 52. Sijaona siku zangu mwaka na nusu. Tendo la ndoa linaniwasha kama nimepakwa pilipili, namkwepa mume wangu kwa visingizio. Anadhani nimemchoka. Nifanyeje?

Pole sana mama. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka sana, na ndiyo iliyokuwa ikiufanya ukuta wa uke uwe mnene, wenye kuvutika na wenye majimaji. Ikishuka, ukuta unakuwa mwembamba na mkavu, ukisuguliwa kidogo tu unachubuka. Ndiyo hiyo pilipili. Wengine hubanwa na mkojo kila mara au UTI huwarudia. Chanzo kinaweza kuwa hicho hicho. Lile joto la ghafla, la kuamka usiku kanga imelowa chapa, kwa wengi hupoa lenyewe miaka ikipita. Ukavu haupoi wenyewe, huzidi. Usiusubiri upite.

Anza na kilainishi cha maji, uliza duka la dawa. Jipake wewe, mpake na mume, na kikikauka katikati simameni muongeze. Wengi huku kwetu hutumia mafuta ya nazi, na wasiotumia kondomu wanaweza kuyatumia kama hayawawashi. Anayetumia kondomu asiyaguse, mafuta hudhoofisha mpira wake ukapasuka.

Halafu muda. Mwili wa miaka 25 uliitika haraka. Wa sasa unataka kushikwashikwa kwanza, bila pupa. Kinembe hakikukoma pamoja na hedhi. Na yapo mapenzi ya mikono na ya kukumbatiana ambayo hayahitaji kuingiliwa kila siku.

Mwambie mume mchana, si kitandani ukiwa tayari unaumia. Mama mmoja alinisimulia kwamba alilitamka wakichambua mbaazi. Macho yakiwa kwenye ungo, maneno yakatoka. Mumewe alinyamaza, akatoa jiwe moja, akalitupa, kisha akauliza: “Sasa dawa yake inauzwa wapi?” Mwanamume alikuwa amekaa miezi anafikiri amechukiwa, kumbe hajaambiwa.

Kilainishi kisipotosha, mwone daktari. Ipo krimu au kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni; dozi yake ni ndogo na nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Kama umewahi kuugua saratani ya matiti, mweleze kwanza.

Niko Masasi, miaka 49. Shoga zangu wanasema nimelegea, niweke shabu nibane, la sivyo mume atatafuta msichana.

Usiweke, dada yangu. Si shabu, si ndimu, si tumbaku. Katika kazi yangu ya ukunga nimemwangalia kwa taa mama aliyeweka kipande cha shabu: ndani kumechubuka kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe. Shabu haikazi msuli, inakausha tu, tena inamkausha mtu ambaye umri tayari umeanza kumkausha. Na kila mchubuko ni mlango wa maambukizi, VVU ikiwemo.

Kinachokaza ni mazoezi ya nyonga. Bana kama anayezuia mkojo, hesabu hadi 5, achia kabisa, hesabu 5 tena. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni, hata ukiwa umekaa sokoni. Kuachia ni muhimu sawa na kubana, maana msuli uliokakamaa nao huleta maumivu.

Newala, miaka 47. Siku zangu zinaruka miezi mitatu, zinarudi. Je, naweza kushika mimba?

Unaweza. Aliye chini ya miaka 50 aendelee na uzazi wa mpango hadi itimie miaka 2 bila hedhi. Aliyezidi 50, mwaka 1.

Mimi ni mwanamume, Lindi mjini, miaka 58. Mke wangu hana hamu kabisa, na mimi nguvu zimepungua. Tumefika mwisho?

Hapana, kaka. Ahsante kwa kujitaja na wewe, maana wanaume wengi huandika kuhusu mke tu. Kapime presha na sukari. Magonjwa haya huharibu mishipa ya damu, na uume hutoa taarifa mapema. Kama unatumia dawa za presha, usiziache. Mwambie daktari, anaweza kubadilisha. Dawa za nguvu zinazouzwa kienyeji bila kupimwa ziogope: nyingine, zikikutana na dawa fulani za moyo, huangusha presha ghafla na kuua.

Kwa mkeo, muulize kama anaumia. Hamu haikai na maumivu. Muulize na usingizi, maana aliyeamshwa na joto mara nne usiku anataka kulala.

Kilwa Kivinje, miaka 60. Niliachana na hedhi miaka saba iliyopita, sasa baada ya tendo naona damu kidogo.

Nenda hospitali wiki hii. Mara nyingi ni michubuko ya ukavu, lakini damu baada ya kukoma hedhi inaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi au ya mji wa mimba, na ikiwahiwa inatibika. Ukipewa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa ya Sokoine, Lindi, usiiahirishe kwa sababu damu imekata.

Nachingwea, miaka 57, mjane. Nimeposwa, na nafsi inataka. Wanangu wanasema naaibisha. Ni aibu?

Si aibu mama, ni uhai. Pimeni VVU wote wawili kabla ya ndoa, na majibu msomeane. Baada ya miaka mingi bila tendo, mara za mwanzo zinaweza kuuma, kwa hiyo kilainishi nilichomwambia mama wa Mikindani kiwemo kwenye begi lako la harusi. Hongera sana.