Miswada ya Kiebrania Italia: sio Vatican tu
Hapana ndugu, umeuliza kama miswada yote ya Kiebrania (vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono) ya Italia iko Vatican, sio kweli kabisa, mzigo mkubwa uko Parma, mji wa kaskazini mwa Italia, kwenye maktaba inayoitwa Biblioteca Palatina. Kuna padri mmoja, Giovanni Bernardo De Rossi, profesa wa lugha za mashariki pale Parma, huyu jamaa alikusanya maandiko ya Kiyahudi maisha yake yote mpaka akatoa katalogi yake mwaka 1803, halafu 1816 Marie Louise, yule mke wa Napoleon aliyekuwa mtawala wa Parma, akainunua koleksheni yote ikaingia maktaba. Leo ni kama miswada 1,600 ya Kiebrania! Mle kuna Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi) ya karne ya 11, yaani miongoni mwa nakala za zamani zaidi zilizobaki, pia kuna Biblia, mashairi, vitabu vya sala vyenye michoro. Ila mimi kinachonigusa zaidi ni kile kitabu cha Rashi, mfafanuzi maarufu wa Kiyahudi wa Biblia, kilichopigwa chapa Reggio Calabria, kusini mwa Italia, 1475, ndio kitabu cha kwanza cha Kiebrania chenye tarehe ya uchapaji, na nakala inayojulikana ni hiyohiyo moja ya Parma. Moja tu jamani. Miswada mingi washaipiga picha, unaisoma bure kwenye intaneti.