Eda imekwisha, upweke umebaki

Dada yangu wa Ngamiani, Tanga, pole sana kwa kufiwa na mume. Umesema eda ya miezi 4 na siku 10 imekwisha, wageni wametawanyika, na usiku hulali. Nami nilipofiwa, watu walijaa mpaka arobaini, kisha kimya.

Kilichoniinua ni wajane wenzangu. Tulikutana barazani kwa mmoja wetu, kila mtu akisema lake, na hakuna aliyeniambia "jikaze". Siku ya kwanza sikutamka neno, nililia tu, wakaniacha nilie. Muulize afisa ustawi wa jamii, au kina mama wa kikoba, wanajua vikundi vya wajane vilipo. Ukikuta umbea, toka, tafuta kingine.

Ila ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje siku ya kikao: nenda Hospitali ya Bombo, hapo hapo Tanga, leo leo, mtu akusindikize.