Pedeli ya klachi ngumu na inalia: usikubali giaboksi ishushwe kabla hujachomoa waya

Mkuu, mwambie fundi aweke spana chini. Umeandika hapa jukwaani kwamba pedeli ya klachi ya kirikuu yako, kale kagari kadogo ka mizigo, imekuwa ngumu, inalia ukikanyaga, asubuhi gia ya kwanza inaingia kwa kugombana, unataka kujua oili gani uweke kwenye giaboksi na seti ya klachi siku hizi inauzwaje, na fundi ameshakwambia rilizi beringi (ile inayosukuma klachi iachie) imekufa, giaboksi ishuke, iwekwe fulu seti, yaani pleti, presha pleti na beringi zote mpya. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikatoa hela, na kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike usiku huu. Wachangiaji hapo juu wanaokwambia "weka seti mpya ulale usingizi" hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama inalia injini ikiwa imezimwa.

Anza na hilo. Zima injini, kaa kwenye kiti, kanyaga klachi polepole mpaka chini, achia polepole. Rilizi beringi inapiga kelele pale inapozunguka, na inazunguka kwa sababu presha pleti, ile inayoibana pleti ya klachi, inazunguka pamoja na injini. Injini ikizimwa, humo ndani hakuna kinachozunguka. Sasa kama pedeli bado inatoa ule mkwaruzo, beringi inasingiziwa. Kinacholia ni kitu kinachosuguana kwenye njia ya mguu wako: bushi za pedeli zilizokauka, waya wa klachi, au pale foki, ule mkono unaosukuma beringi, inapoegemea ndani ya giaboksi. Ya kwangu ilikuwa inalia injini imezimwa, mchana kweupe, na fundi amesimama pembeni na chapati mkononi akasema beringi.

Halafu chomoa waya kwenye foki. Hapa ndipo nataka unisikilize, mengine yote ukiyasahau sawa. Kirikuu nyingi zinavuta klachi kwa waya, hazina masta silinda wala slevu za kusukuma klachi kwa fluidi, kwa hiyo ni kazi ya spana moja na mkeka wa kulalia. Legeza nati ya kurekebishia pale kwenye giaboksi, toa ncha ya waya kwenye mkono wa foki. Ukishatoa, umeligawa tatizo vipande viwili: pedeli na waya wake huku, foki na giaboksi kule. Rudi ndani ukanyage. Pedeli inatakiwa ishuke kwa kusukumwa na kidole. Ikiwa bado ni nzito au inakwaruza, ubovu uko upande wa mguu wako, na giaboksi haihusiki kabisa. Chomoa waya na upande wa pedeli pia, chezesha pedeli peke yake usikie kama ni bushi, kisha vuta ule waya wa ndani huku na huku kwa mkono. Unatakiwa uteleze bila kushika mahali. Mulika tochi ya simu kwenye ncha zote mbili, hasa ile ya juu kwenye pedeli, utafute nyuzi zilizokatika. Waya wa klachi haukatiki siku moja. Nyuzi zinakatika moja moja, zilizokatika zinasimama kama miiba na kukwangua gamba kwa ndani, ndiyo maana mguu unahisi kama kuna mchanga. Waya ukiwa hauna mzigo unaweza kuteleza vizuri na bado ukawa mbovu, kwa hiyo usiuamini mkono tu, tumia na macho.

Pedeli ikiwa laini, waya ukiwa mzima, na foki yenyewe ndiyo ngumu au inalia, hapo sawa, giaboksi ishuke. Kabla ya hapo hapana.

Sasa nikueleze kilichonipata maana hakiishii kwenye hela ya seti. Giaboksi ilishushwa. Pleti ya klachi iliyotoka bado ilikuwa na nyama, riveti zimezama ndani kabisa, na fundi akaitupa kwenye pipa kabla sijaishika vizuri. Ikafungwa seti mpya ya kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar. Giaboksi ilirudishwa na vijana wawili kwa mabega, bila jeki, ikaachwa inaning'inia kwenye shafti yake huku mmoja anatafuta boliti. Uzito wote ule unabebwa na katikati ya pleti mpya, na pleti ikipinda kidogo tu hapo, haiachii vizuri ukikanyaga klachi, gia zinaanza kukwaruza. Zangu zilianza kukwaruza wiki hiyo hiyo. Na pedeli? Ngumu vile vile. Inalia vile vile. Nikaambiwa seti ni mpya, itazoea. Uongo mtupu! Klachi inavyolika, pedeli mara nyingi inazidi kuwa nzito, kwa hiyo seti mpya ilitakiwa ilete nafuu kama kweli ubovu ulikuwa humo.

Fundi mwingine ndiye aliyechomoa waya, akanionyesha nyuzi zilizokatika, tukaweka mpya. Pedeli ikawa laini kabisa. Nikashukuru Mungu, nikarudi barabarani. Haukupita muda ikaanza kuwa nzito tena. Waya mpya! Nikarudi dukani nikagombana na muuza spea, nikamwita tapeli mbele ya wateja wake, kumbe kwa hili yule kijana hakuwa na kosa.

Kosa lilikuwa la yule yule aliyeshusha giaboksi. Kuna waya mnene wa eathi unaotoka kwenye bodi au chesesi kwenda kwenye injini au giaboksi. Alipofungua aliutoa, alipofunga hakuurudisha, akauacha unaning'inia na tundu la boliti limejaa grisi. Injini na giaboksi vimekaa juu ya mauntini za mpira, na mpira haupitishi umeme. Starta ndiyo inayovuta umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, na umeme huo lazima urudi kwenye betri. Ukikosa njia yake unapita kwenye chuma chochote kinachounganisha injini na bodi: waya wa akselereta, nyaya za gia, na waya wa klachi. Kila ukipiga starta waya wa klachi unapata moto, plastiki ya ndani inalainika, inaung'ang'ania waya, pedeli inakuwa nzito. Ungenunua nyaya kumi zingeungua zote. Dalili nilikuwa nazo kila asubuhi, starta inazunguka kwa uvivu wakati betri ni nzima, na hakuna fundi aliyeunganisha mambo hayo mawili mpaka fundi umeme aliposhika gamba la waya wa klachi mara baada ya kuwasha akaukuta una joto.

Kwa hiyo jumlisha: seti ambayo haikuhitajika, pleti iliyopinda, gia zinazokwaruza, nyaya mbili za klachi, na siku ambazo gari haikwenda sokoni. Yote kwa sababu mtu hakutaka kulala chini ya gari na spana moja. Nina hasira naye hadi leo, na sitajifanya sina. Fundi anayetaja ugonjwa kabla ya kupima anakula riziki ya mwenzake.

Ukikuta waya ndio mbovu, nenda na ule wa zamani dukani, upime urefu na ncha zake zote mbili, kwa sababu kirikuu zinafanana kwa nje tu. Ambao una plastiki ndani usiumiminie grisi, vumbi litashika humo. Grisi weka kwenye bushi na pini za pedeli. Ukishafunga acha mchezo kidogo juu ya pedeli kabla haijaanza kuwa nzito, sentimita moja hadi tatu hivi, kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Ukiukaza sana beringi itakuwa inagusa muda wote, na hapo ndipo itakufa kweli.

Na mzigo jamani. Hizi gari Wajapani walizitengeneza na injini isiyozidi cc 660 na kubeba kilo 350. Mifuko saba ya saruji imefika hapo. Sisi tunapanga ishirini, tunapanda mlima kwa nusu klachi, halafu tunashangaa.

Wenye Hiace na Hilux za klachi ya masta silinda, kwenu ni vile vile: tenganisha pedeli na giaboksi kwanza, kuanzia kwenye pini ya fimbo ya masta. Na kwenye kile kikopo iingie breki fluidi iliyoandikwa kwenye kifuniko chake, DOT 3 au DOT 4, basi. Mtu akikumiminia oili ya injini humo, mipira yote ya ndani inavimba na pedeli inakuwa jiwe.

Mkuu, umeandika kwamba gari ipo gereji tangu mchana na fundi anaanza asubuhi. Mpigie sasa hivi. Kama ameshafungua propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda nyuma, nenda mwenyewe, ingia chini, na upige picha waya wa eathi ulipo kabla hajautoa.