Jibu kwa mama wa mtaa wa Mukuru, Nairobi: shule imejaa, na mtoto anarudishwa kwa ada

Mama, nimekuelewa: darasa la mwanao limefurika, anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya masomo ya ziada, nanyi wazazi mnataka serikali iwajengee shule nyingine ya umma.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, kwa hiyo hifadhini kila risiti na kila karatasi ya kumrudisha mtoto, hata ile iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari. Sisi tulipoteza miezi kumsumbua mwakilishi wadi, anayeketi katika bunge la kaunti, kumbe kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si shule za msingi. Iandikieni Wizara ya Elimu mkiomba takwimu za wanafunzi na walimu wa eneo lenu, kwani Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa siku 21 kujibu. Kisha wasilisheni ombi Bungeni chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba.

Msitaje majina ya watoto hadharani, wasije wakaandamwa darasani. Ikiwa kiwanja cha shule kina mgogoro, mtafuteni wakili kabla ya kutia sahihi chochote.