Nilifika kwa wakwe juu ya lori

Juzi kijana mmoja wa Kisumu kaniandikia: "Kaka, hatimaye nimepata Subaru WRX. Nataka kuiwekea inteki ya hewa baridi. Ninunue ipi?" Inteki ni bomba na chujio linaloipelekea injini hewa. Hakuuliza kama anaihitaji. Simlaumu, sisi watu wa Subaru swali hilo hatuna. Na wewe unayesoma hapa, najua ushawahi kulinganisha bei za inteki saa sita za usiku wenzako wamelala.

Yangu niliinunua Nairobi, mtumba, Sh18,000. Bomba la alumini limeng'arishwa hadi unajiona meno, na mwisho wake chujio jekundu kama koni ya aiskrimu. Fundi wangu hapa Nakuru aliligeuzageuza mkononi kisha akaniuliza, "Bosi, hiki kisanduku cha chujio kilichokuja na gari, cha kampuni, kina makosa gani?" Nikamwambia afunge tu. Akafunga. Bomba lilishuka likapita ndani ya bampa, chujio likakaa nyuma ya taa ya ukungu, shubiri mbili hivi kutoka chini.

Lakini ile sauti, jamani! Ukikanyaga pale Kenyatta Avenue, turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, inavuta pumzi kama mtu aliyetafuna pilipili. Ukiachia, inapiga chafya. Mwendesha bodaboda mmoja alinipigia saluti. Nguvu je? Nilimwambia kila mtu imeongezeka. Leo nakiri sikuwahi kuipima popote. Masikio ndiyo yaliyonidanganya.

Nadharia yenyewe ni ya kweli. Hewa ikipoa nyuzi 10, uzito wake huongezeka kwa takriban asilimia 3, na oksijeni ya kuchoma petroli huongezeka vivyo hivyo. Sisi wa Nakuru, tukiwa kwenye mita kama 1,850, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo tuna haki ya kuona njaa. Ila kisanduku cha kampuni kwenye WRX tayari kinavuta hewa ya nje, kutoka mbele juu karibu na grili. Halafu turbo inaikandamiza na kuipasha moto, ndipo intakula, kipoza hewa, inaipoza. Lile tundu la boneti unaloringia ni la intakula, si la chujio.

Wiki ya pili, nikipanda Mau Summit, taa ya injini ikawaka. Kompyuta ya gari ikatoa msimbo wa hitilafu P0171: petroli haitoshi kwa hewa inayoingia. Sensa inayopima hewa hukaa ndani ya bomba, na kompyuta huhesabu ikiamini upana wa bomba la kampuni. Weka bomba pana zaidi, hewa itapita polepole mbele ya sensa, sensa itaripoti hewa kidogo, na petroli itapunguzwa. Injini ya turbo ikikosa petroli chini ya mzigo huanza kugonga, yaani petroli hulipuka vibaya ndani ya silinda, na pistoni hazidumu. Mimi nilifanya nini? Nilimwambia fundi azime taa.

Mwezi wa nne tukaenda Kisumu kwa wakwe. Mvua ilitupokea Kericho, haikutuacha. Karibu na Ahero maji yalikuwa yamevuka barabara, si mengi, chini kidogo ya nusu ya gurudumu. Matatu ilipita. Proboksi ilipita na magunia juu. Nikaingia. Katikati, injini ikanyamaza ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikapiga stata. Tak. Nikapiga tena. Tak. Mara ya tatu sitaki hata kuikumbuka.

Maji hayakandamiziki. Yakiingia kwenye silinda, pistoni inayapiga, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni. Ningeacha ufunguo, plagi zikafunguliwa na maji yakatolewa, huenda ningepona. Nilipovua bampa baadaye nilikamua lile chujio jekundu kwa mkono: likatoa maji ya kahawia na kipande kimoja cha jani la mpunga.

Tulifika nyumbani kwa wakwe jioni, gari limefungwa juu ya lori. Baba mkwe alinisalimia kwa heshima zote, hakusema neno. Shemeji ndiye hakunionea huruma: "Shemeji, umekuja kama ng'ombe wa mahari." Watu walicheka hadi chai ikapoa. Mke wangu alicheka kuliko wote, na hilo bado linaniuma kidogo. Injini nyingine ilinila zaidi ya laki mbili.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Jambo la kwanza ni mahali chujio linapokaa. Bei ije baadaye, rangi ije baadaye. Kama liko chini kwenye bampa, kataa. Kama liko wazi juu ya injini bila kisanduku cha kulikinga joto, hiyo ni inteki ya hewa moto, ukikwama foleni utajionea. La pili, pale sensa inapokaa upana uwe uleule wa kampuni, ama utenge pesa za kuirekebisha kompyuta. Chujio la hewa la aina inayopakwa mafuta, fundi akilizidishia mafuta, sensa huchafuka; chukua kavu. Nimesema mahali chujio linapokaa? Nasema tena.

Mwaka 1997 dereva Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru Impreza, na bomba la hewa la gari lile lilikuwa limepandishwa kando ya kioo cha mbele hadi karibu na paa. Wale walikuwa na pesa za Japani na wahandisi wa Uingereza, wakapandisha. Sisi tunashusha, kisha tunaendesha kupita Ahero mwezi wa nne.

Gari langu limerudishiwa kisanduku cha kampuni, na wiki iliyopita lilipanda Timboroa bila taa yoyote kuwaka. Bomba la alumini liko stoo, mwanangu hulipuliza kama tarumbeta. Kijana wa Kisumu, kabla hujamtumia mtu pesa, vua bampa, pima kwa futi kutoka chini hadi pale chujio litakapokaa, unitumie picha.