Majani yanajikunja mezani

SWALI: Kila msimu wa majani kupukutika naokota mekundu na ya njano nipambe meza. Siku ya 3 yamejikunja na kuwa ya kahawia. Nakosea wapi?

JIBU: Unayaacha yakaukie hewani, upande mmoja ukitangulia kukauka, jani hujikunja. Okota yaliyoanguka siku hiyohiyo, yangali laini. Yafute umande, yapange kati ya karatasi za gazeti bila kugusana, uyakandamize kwa vitabu vizito. Karatasi ya kung'aa haifai, hainyonyi maji. Badilisha karatasi kila baada ya siku 2. Wengi huzembea hapa, wakakuta ukungu. Baada ya siku 7 hadi 10 yatakuwa yamekauka: jani likishikwa kikonyo halilegei. Dirishani usiyaweke: jua hupausha wekundu upesi.